Diske ya Tano

Masisi, tarehe 14/7/1968

Dada Libérata,

Jambo yako. Jambo ya bwana yako Benoît. Jambo ya batoto yote. Miye niko. Mugongo inauma juu ya kazi, lakini nasimama. Bado niko kantonye. Nakata majani pembeni ya barabara, najaza mashimo. Mvua inaharibisha, miye natengeneza, inaharibisha tena. Njo kazi. Maharagi ilizaa muzuri mwaka hii. Geneviève anakusalimia. Huyu mutoto sasa ananipita urefu.

Kwa upande ya muziki. Kila siku ya Mungu kisha misa nafungua gramofone. Juma hii nilisikiliza ile tuliita Bwana na Bibi, ile piyano na viyolo ya nyuzi zinagombana, kisha viyolo njo inanyamaza ya kwanza. Unakumbuka Patron, ule muzungu tulitumikia, alikuwa anacheka pale? Miye nazungusha manivele, yeye anacheka peke yake, na bibi yangu Kamaliza amesimama na kahawa anaogopa kikombe isilie. Kisha nilipiga ile murefu, tuliita Kubwa, tangu diske ya kwanza mpaka ya ine. Pale inakatika.

Sasa maneno yenyewe. Kilio ya Kamaliza inaenda miaka mbili. Bado hatujaimaliza. Nywele sijanyoa, niko sawa mwizi ya pori. Wakati alikuwa anakufa alinishika mukono. Alisema: «Siku mutamaliza kilio yangu, mupige Kubwa. Yote. Musinikatie.» Nilisema ndiyo. Kubwa iko diske tano. Ine iko hapa, Patron alituachia wakati alikimbia mwaka ya 60. Ya tano Kamaliza alikupa mwaka ya 61, wakati ulikwenda na Benoît. Uilete. Ao uitume.

Kuna kintu ingine. Geneviève amepata muchumba, Théogène, mutoto ya Rukara ule anauzisha maziwa. Nyumba yenye kilio haiozeshe. Unajua. Rukara anangoja.

Tuma diske.

Kaka yako,
Védaste


Itebero, tarehe 25/8/1968

Kaka Védaste yangu,

Barua yako nimeipata jana. Ilikaa Hombo siku kumi na mbili ndani ya duka ya mama mwenye samaki ya chumvi, na sasa hata jambo yako inanuka samaki. Tuko wazima. Benoît alikuwa na homa, imekwisha, ameanza tena kunigombeza, njo najua amepona. Céline ametoa meno mbili. Muhogo iko mingi lakini nyani zinatangulia mbele yetu ndani ya shamba, sawa njo zililima.

Geneviève bukwe, ataolewa! Nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya jikoni, Benoît akafikiri nyoka imeniuma.

Na muziki, weye unafikiri ni weye peke yako? Nafulia misioni, unajua. Mamère Adelaïde, ule sista mukubwa, iko na elektrofone, gramofone ya batri. Siku ya Mungu saa tisa ananiita, tunakaa siye wawili. Juma iliyopita alipiga orge, ile kinanda kubwa ya kanisa. Kaka! Ilianza chini kabisa, nilisikia ndani ya magoti mbele ya masikio. Kisha akapiga bwana moja anaimba, sauti inatoka ndani ya tumbo sawa ngombe dume imepotea njia na haitaki bantu bajue. Nilinyamaza mpaka mwisho. Mamère aliniuliza: «Libérata, nani alikufundisha kunyamaza hivi?» Nilimujibu: «Patron ya Masisi. Ukikohoa anakufukuza kazi.» Alicheka mpaka kilemba ikahama.

Kwa ile diske, nimesikia. Kamiyo hazipiti sana siku hizi. Tutaona.

Busu Geneviève.

Dada yako,
Libérata


Masisi, tarehe 15/9/1968

Dada Libérata,

Jambo. Tuko wazima. Ngombe ya jirani imekula kabeji yangu. Nimesema naye. Imekwisha.

Kamiyo zinapita. Miye njo natengeneza barabara, najua gani imepita na imepita lini. Nestor, shofere, anapita Itebero kwako mara mbili kwa mwezi, anashuka Walikale, anapanda Kibua mpaka hapa. Nimesema naye. Ataiweka ndani ya kabine, chini ya matako yake hapana, pembeni.

Rukara alikuya siku ya ine. Alisimama pa mulango na fimbo yake.

«Védaste, kilio inamalizwa na pombe na wembe. Weye unangoja sanduku ya bazungu ilie?»

Nilisema: «Ndiyo.»

«Mutoto yangu atazeeka.»

«Azeeke na heshima.»

Akatema mate. Akasema nyumba isafishwe mbele ya Kwaresima, juu ndani ya Kwaresima hakuna bukwe, na kisha Pasaka yeye hangoji. Atatafuta bibi kwingine. Geneviève alikuwa nyuma ya mulango. Alisikia yote. Tangu siku ile anapika bila kuimba.

Nilisikiliza Kubwa tena. Diske ya tatu, upande ya pili, pale tarumbeta zinaita kwa mbali. Muzuri.

Nestor atapita kwako tarehe 28. Umupe.

Védaste


Itebero, tarehe 20/10/1968

Kaka yangu mupendwa,

Natumaini hii barua inakukuta na nguvu na Geneviève anaimba tena. Umuambie shangazi yake amesema aimbe, Rukara ao bila Rukara. Na weye ule mugongo uikande na mafuta ya mawese ya moto, Benoît anasema njo dawa, yeye anakanda hata isipouma.

Mvua huku! Kaka, maji inashuka sawa muntu anamwanga. Nestor alipita, ndiyo. Nilimuona. Alikuwa na haraka, na mvua ilikuwa mingi, na diske na maji, unajua mwenyewe.

Acha nikuambie Mamère alipiga nini. Viyolo moja tu. Hakuna piyano, hakuna kintu, viyolo peke yake ndani ya nyumba kubwa. Kwanza nilihuzunika, nikasema huyu mwenzake amekwenda wapi? Kisha nikasikia yeye mwenyewe anajijibu. Anauliza huku chini, anajibu kule juu. Wakati moja beko bawili, wakati moja beko batatu, na ni mukono ya muntu moja! Nilisema na Mamère arudishe. Alirudisha mara tatu mpaka batri ikachoka, sauti ikawa ya mulevi. Na siku ingine alipiga piyano, ndogo ndogo sawa mvua ya kwanza juu ya manjanja, ile mabati ya nyumba. Kisha batoto ya shule banaimba kilatini, lakini ile hapana, mumoja alikuwa anakwenda pembeni ya wimbo, nilimusikia tangu mwanzo, hata Mamère alikubali.

Na diske ya Mama Anaita, ile ya kwako, bado inakwaruza pa katikati?

Nimechoka, mushumaa inaisha. Salimia bote.

Libérata


Masisi, tarehe 3/11/1968

Libérata,

Jambo.

Barua yako iko na kurasa mbili. Nimesoma zote. Diske haiko ndani.

Nestor anasema mvua haikuwa. Anasema ulimupa ndizi na ukaingia ndani.

Miye sikusoma sana. Lakini muntu akisema mingi pembeni ya kintu, ile kintu iko pale katikati.

Diske iko wapi?

Védaste


Itebero, tarehe 17/11/1968

Kaka,

Tuko wazima. Kaa chini mbele usome.

Mwaka ya 64 wakati bunduki zilifika huku, tulikimbia ndani ya pori. Tulikaa miezi tano. Nilibeba sufuria, chumvi, mutoto na diske. Mutoto kwa tumbo, diske kwa mugongo, ndani ya kitenge moja. Benoît alisema: «Tupa ile kintu, ukikimbia inaangaza.» Sikutupa. Tulilala juu ya majani ya maji, nilikuwa nailalia sawa mutoto ya pili. Haikuvunjika. Uandike hii ndani ya kichwa yako: haikuvunjika.

Wakati tulirudi ilikuwa imeota ukungu, mweupe, sawa muhogo imekaa sana. Na ilinuka. Sasa kaka, siye tuko batoto ya nani? Mama alitufundisha nini? Chombo ya maziwa ikinuka, unaosha, kisha unawasha majani ya kukauka na unaigeuza juu ya moshi, pole pole, mpaka harufu inatoka. Tangu niko mudogo sijaona kintu moshi haisafishe.

Nikawasha majani. Nikaitia moshi. Nilikuwa naimba hata. Ikaanza kulegea ndani ya vidole yangu. Pembeni ikashuka sawa sikio ya mbwa. Nikaitoa mbio, nikapuliza, nikaishika, na kila pahali nilishika ikapinda zaidi. Ilipopoa ilikuwa bakuli, kaka. Unaweza kulia supu ndani.

Niliificha chini ya kitanda. Nikasema siku ingine nitamuambia Kamaliza mwenyewe, uso kwa uso, yeye atacheka. Kisha mwaka ya 66 barua yako ikafika. Niliandika niko mugonjwa, sitaweza kufika kwa kilio. Sikuwa mugonjwa. Nilifunga mizigo. Nilikwenda mpaka Walikale. Pale nikafungua kitenge nikaangalia ile bakuli, nikasema: nitamuonyesha nini ule alinipa kintu yake? Nikarudi.

Njo kweli. Sasa unaijua yote.

Libérata


Masisi, tarehe 1/12/1968

Libérata,

Nimepata barua. Jambo ya batoto.

Védaste


Masisi, tarehe 5/12/1968

Dada,

Ile barua ya siku ya Mungu uitie moto.

Nilijaza mashimo siku tatu. Nilifikiri. Miaka mbili nilisema ndani ya roho yangu: Libérata hakupenda Kamaliza, njo hakufika. Sasa najua. Ni kintu ingine. Ni vizuri kujua.

Na miye nimekudanganya. Tangu tulizika Kamaliza sijafungua gramofone. Hata mara moja. Kuku inataga pale juu. Yote nilikuandikia nimesikiliza, nilisikiliza ndani ya kichwa. Siku ya Mungu kisha misa nakaa mbele ya sanduku na kuku ananiangalia. Nasema: sasa upande ya kwanza. Nangoja. Sasa upande ya pili. Geneviève anafikiri nasali.

Nilikuwa naogopa pale diske ya ine inaisha. Yeye amesema «musinikatie». Na miye nikipiga, nitamukatia.

Leo nimefukuza kuku. Alinidona. Resori, ile chuma ya kujikunja, ilikuwa na kutu, nimetia siagi ya ngombe, inazunguka. Sindano zote zimekula kutu, hakuna hata moja. Hiyo nitatafuta.

Sasa sikiliza muzuri. Siku moja Patron aliacha diske ndani ya gari juani. Ikapinda. Hakuitupa. Aliiweka katikati ya biyoo mbili, zile za kujiangalia, juani saa sita, juu yake kintu ya uzito. Kamaliza njo alikaa kuichunga juu kuku zisipande. Jioni ilikuwa sawa meza.

Bakuli yako si ya kutupa. Tafuta biyoo.

Kaka yako,
Védaste

Usitie moshi.


Itebero, tarehe 29/12/1968

Kaka Védaste, kaka yangu, kaka ya mimi!

Noeli muzuri, mwaka mupya muzuri, jambo ya kuku yako. Kuku! Nililia na nikacheka pamoja, Benoît hakujua ashike upande gani.

Sikia. Kiyoo moja nilitoa kwa Benoît, ile ya kunyolea. Juma mbili ananyoa bila kuona, uso yake iko sawa barabara yako. Ya pili niliomba Mamère. Alitoa picha ya mutakatifu ndani ya kadre yake ya kiyoo, akamuweka juu ya kabati, akasema: «Atangoje, yeye amezoea.» Nikaweka kiyoo, diske, kiyoo, na juu jiwe yangu ya kusagia. Siku ya kwanza jua ilitoka kidogo ikarudi ndani ya mawingu. Bure. Siku ya pili jua ilikuwa kali, nikafurahi, nikaitoa mbio nione. Bado ilikuwa na moto, ikapinda tena mbele ya macho yangu, kwa upande ingine sasa! Niliketi chini. Benoît akasema, na damu kwa shavu: «Mukate unautoa ndani ya moto na unaukata pale pale? Acha ipoe na jiwe yake.» Njo maana niliolewa naye.

Siku ya tatu nilikaa pale tangu saa ine mpaka jua inaenda. Kivuli ya nyumba ikikuya, nasogeza. Sikuinyanyua mpaka asubui ya kesho. Kaka, iko muzuri! Imebaki na wimbi moja kidogo pembeni, sawa muntu alicheka na akajizuiya.

Nilikimbia na mikono mbele sawa nabeba ekaristi. Mamère akaweka. Upande ya kwanza ikatembea, sindano inapanda na inashuka juu ya ile wimbi, lakini hairuke. Upande ya pili tena. Viyolo, tarumbeta, zote zinaanza kukusanyika, nilisikia mwisho inakuya. Na pale nikanyanyua mukono ya sindano. Mamère akasema: «Kwa nini?» Nikasema: «Mwisho si ya kwangu. Ni ya kaka na ya bibi yake.» Tangu 61 niko na mwisho bila mwanzo, na huku sikuwa na mashini mbele Mamère afike. Ule mwisho sijausikia tena tangu kwa Patron. Naweza kungoja.

Kwa sindano: Patron alikuwa anabadirisha sindano kila upande, unakumbuka? Kubwa iko pande kumi. Ndani ya kopo nimekutumia miiba kumi na mbili ya ndimu. Benoît alizichonga, miye nilizikausha juu ya moto siku ine. Hii njo kintu ya kutia moshi! Mwiba unaisha na upande moja, usiurudilie, utakula diske. Sauti inakuwa kidogo. Bantu banyamaze.

Nimemupa Nestor mwenyewe, mukono kwa mukono. Sikuingia ndani.

Dada yako,
Libérata


Masisi, tarehe 20/1/1969

Dada Libérata,

Jambo yako na ya bantu yako yote. Tuko wazima. Tuko wazima kabisa. Hii barua itakuwa murefu. Unisamehe mwandiko, mukono imezoea kupekupe ya kukata majani.

Nestor alifika tarehe 11. Alitoa diske chini ya shati yake. Nilimuuliza: «Juu ya nini pale?» Alisema: «Mashimo yako, Papa Védaste. Nilikuwa naogopa mashimo yako.» Alikuwa na haki.

Kilio tuliimaliza siku ya posta, ile inatangulia siku ya Mungu, tarehe 18. Bantu balikuya karibu mia moja. Pombe ilikuwa. Rukara alifika na bibi yake Mukamurenzi, na Théogène na ngombe moja kwa nyuma. Alikaa mbele. Alisema na sauti kubwa: «Leo tutasikia muziki ya kulalisha batoto. Mwenye kuota aseme ameota nini.» Bantu bakacheka. Nilikuwa nashika sanduku ya Kubwa. Mifuko tano ndani yake, na zote tano zilikuwa zimejaa. Geneviève aliweka mukono yake juu. Sijui alifikiri nini.

Nikasema: «Huu ni muziki Kamaliza aliomba. Inapita saa nusu. Mwenye kukohoa akohoe sasa.»

Bakakohoa bote. Mia moja. Ungecheka.

Nikaweka mwiba ya kwanza. Sauti ilikuwa kidogo sawa ulisema. Bantu ba nyuma bakasogea. Bakasogea tena. Mpaka beko karibu yangu, magoti kwa mugongo, hakuna anayehema. Pa diske ya pili ngombe ya Rukara ikalia. Rukara akageuka, akasema: «Nyamaza, mupumbavu!» Ni yeye mwenyewe alisema. Kisha akaangalia chini juu balimuona.

Diske ya tatu, tarumbeta za mbali. Mukamurenzi akaangalia milima. Bengine pia. Balitafuta nani anaita.

Diske ya ine ikaisha. Pale inakatika. Nilikuwa najua ile kimya. Miaka saba najua. Geneviève akanishikia mwiba. Nikaweka ya tano.

Sindano ikapanda juu ya ile wimbi. Ikashuka. Ikapanda. Sikuhema. Mukamurenzi alinishika shati. Haikuruka, Libérata. Upande ya tisa, haikuruka. Nikageuza. Mwiba ya kumi. Haikuruka hata mara moja, mpaka mwisho.

Nilipiga yote. Sikumukatia.

Ginsi inaisha siandike. Diske ilikuwa imekwisha, inazunguka bure, krr, krr, na mia moja ya bantu banaangalia inazunguka. Rukara njo alisema ya kwanza. Alisema: «Rudisha.»

Nikasema: «Hapana.»

Akasema: «Védaste, shemeji yangu, rudisha ile ya mwisho tu.»

Nikasema: «Hapana.»

«Unanikatalia mbele ya bantu?»

«Nakukatalia.»

Ndani ya kopo imebaki miiba mbili. Nitakuambia juu ya nini nilikatala.

Mbele, nywele. Geneviève njo alininyoa. Alikuwa anaimba na alikuwa hajui anaimba. Ilikuwa ile ya tarumbeta. Nywele ikaanguka, nikaona kichwa yangu ndani ya maji: muzee, lakini musafi. Rukara akakunywa, akasimama, akasema bukwe tarehe 15 ya mwezi wa pili, siku ya posta, mbele ya Kwaresima. Akasema gramofone ifike pia. Nikasema gramofone haina miguu. Akasema ataibeba yeye. Muulize Nestor, alikuwa pale, alilia na anasema ni moshi.

Sasa hii. Miaka saba nilikasirikia Kamaliza juu alikupa ya tano. Nilimuambia: «Ungemupa Bwana na Bibi. Ungemupa Mama Anaita. Juu ya nini kuvunja Kubwa?» Alikuwa anasafisha maharagi. Hakunyanyua kichwa. Alisema: «Nikimupa yenye imetimia, atasikiliza kule, atatosheka. Nikimupa mwisho, atatafuta mwanzo. Atarudi.» Sikukuandikia. Juu hukurudi, nikasema Kamaliza alikosea.

Hakukosea. Hajamaliza tu.

Diske ya tano iko na pande mbili. Miiba imebaki mbili. Nimeziweka ndani ya kopo, kopo ndani ya sanduku, sanduku chini ya kichwa yangu. Rukara hatazipata. Askofu hatazipata.

Ulinyanyua sindano. Kuya uishushe.

Kaka yako,
Védaste


Kibua, tarehe 11/2/1969

Kaka,

Jambo. Naandika juu ya goti, namupa bwana moja ya baisikeli anatangulia.

Niko Kibua. Kamiyo ya Nestor imevunja resori ndani ya shimo, upande ya kwako, tutasemezana. Tunapanda kwa miguu: miye, Benoît, na Céline kwa mugongo. Kesho kutwa jioni tutakuwa kwako, ao mbele, juu Benoît anasema natembea sawa nafukuzwa.

Nabeba chombo ya maziwa ya bukwe ya Geneviève. Hii niliitia moshi muzuri.

Fukuza kuku. Nyamazisha Rukara. Toa kopo.

Libérata